Fileti ya sangara kugeuka supu kikaangoni: kosa la muuzaji, la friza au la mpishi?

#1 Kikaango Kavu (Njiro)
Habari za jioni wakuu. Fileti ya sangara ya kuganda, pakiti ya kilo moja. Imeyeyushwa juu ya sinki, maji yakamwagwa, ikapimwa: gramu 790. Ikaingia kikaangoni na vijiko viwili vya mafuta, chumvi, pilipili manga na binzari nyembamba. Dakika ya pili kikaango kimejaa maji meupe kama ya kufulia, samaki anatokota badala ya kukaangika. Kugeuza tu, akaachana vipande vipande. Mlo wenyewe ulikuwa wa mgonjwa wa presha, kwa hiyo kumzamisha kwenye mafuta mengi si jibu.
Maji haya yanatoka wapi? Na mtu anayatambuaje kabla hajalipa?

#2 Nusu Kilo (Pasua, Moshi)
Umeuziwa barafu kwa bei ya samaki, basi. Kiwandani mnofu ukishaganda huchovywa au kunyunyiziwa maji baridi ili uvae ganda jembamba la barafu, hewa isije ikaukausha. Ganda la asilimia 5 hadi 10 halina ubaya. Likifika 20, hiyo ni biashara ya maji. Tafuta kwenye pakiti palipoandikwa uzito halisi bila barafu. Ukikuta uzito mmoja tu umeandikwa, nunua huku ukijua.

#3 Fundi Friza (Sakina)
Nusu Kilo, umewahi mno kuhukumu. Hizo gramu 210 ni vitu viwili vimechanganywa: barafu ya nje na maji ya ndani ya nyama. Kuvitenganisha ni kazi ya mizani ya jikoni na chujio tu.
Pima kipande kikiwa jiwe. Kitumbukize kwenye maji baridi, kisugue kwa vidole mpaka ule utelezi wa barafu uishe uguse nyama yenyewe. Sekunde 30 hadi dakika moja inatosha, usikiache kilainike. Kikaushe kwa karatasi ya jikoni, pima tena. Tofauti hiyo ni ganda. Halafu kiweke kwenye chujio juu ya bakuli, funika, lala nacho kwenye friji. Asubuhi pima mara ya tatu. Tofauti ya pili ni maji ya nyama.
Ganda mdai muuzaji. Maji ya nyama yadai friza, na usianze na ya mwenzako, anza na yako.

#4 Chalii wa Daraja Mbili (Arusha)
"Lala nacho kwenye friji." Mzee utaganda 😂

#5 Fundi Friza
Chalii, umeelewa.
Niongeze sababu. Maji ya ndani ya nyama hugeuka barafu hasa kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri. Friza ya kiwanda inalivuka eneo hilo haraka, punje za barafu zinabaki ndogo. Friza ya nyumbani iliyoshindiliwa kilo kumi za samaki wa vuguvugu kwa mpigo inakaa hapo saa nyingi, punje zinakua, zinatoboa nyama. Ukiyeyusha, maji yanapita kwenye matundu. Hakuna viungo vya kuyarudisha.

#6 Mapanki (Majengo, Moshi)
Mmesahau fosfeti, kemikali wanayotumia viwandani. Minofu ikilowekwa kwenye maji ya fosfeti kabla ya kugandishwa inayanywa na uzito unapanda. Dalili zake: mnofu unang'aa kama umepakwa mafuta, ukiushika unateleza kama kipande cha sabuni, kisu kinapita bila kukutana na kitu, na kikaangoni unatoa povu. Sangara ambaye hajatiwa kitu anang'ang'ania vidole kidogo.

#7 Fundi Friza
Mapanki, hapo pana mkanganyiko. Kazi ya fosfeti ni kushikilia maji. Mnofu uliotiwa fosfeti ukiyeyushwa hutoa maji machache kuliko usiotiwa. Kwa hiyo yaliyomwagika kwenye sinki siyo yake. Ya kikaangoni, sawa, tunaweza kubishana.

#8 Mapanki
Nakupa nusu. Ya sinki naondoa. Ya kikaangoni nabaki nayo.

#9 Mama Kihamba (Kibosho)
Mbona hakuna anayeuliza amemyeyushaje? Kaandika mwenyewe, "juu ya sinki". Nje kumeshapata joto la jikoni, ndani bado jiwe. Ukisubiri kati kulainike, nje kumekaa saa tatu nne kwenye joto ambalo vijidudu wanalipenda, na nyama ya juu imeshalegea.
Njia ni mbili. Rafu ya chini ya friji, ndani ya bakuli, usiku mmoja kwa nusu kilo. Au mfuko usiovuja ndani ya maji baridi, dakika 30 hadi 45 kwa vipande vya sentimita 2, maji ukiyabadilisha kila nusu saa. Maji ya moto usiguse kabisa, yanapika ngozi ya juu kabla moyo haujayeyuka.
Na pakiti zile zilizonyonywa hewa, toboa au fungua kabla ya kuyeyusha. Kuna bakteria wa sumu kali wanaostawi pasipo hewa hata kwenye baridi ya friji. Hiyo siyo ya kupuuzia.

#10 Kikaango Kavu
Shukrani Mama. Ilikaa sinki saa nne hivi. Lakini hata sinki haiwezi kutengeneza gramu 210 kutoka hewani.

#11 Mwalimu wa Jiko (Tengeru)
Haiwezi, ila inaweza kuongeza. Mimi nahamia kwenye jiko, maana mleta uzi ana matatizo mawili na mnamjibu moja.
Yale maji meupe kama ya kufulia ni protini. Nyama ya samaki ikipata joto inajikamua, maji yanatoka yamebeba protini, yanaganda meupe. Huwezi kuyamaliza yote, unaweza kuyapunguza: gramu 50 za chumvi kwenye lita moja ya maji baridi, loweka vipande vya sentimita 2 kwa dakika 10 hadi 15, toa, kausha pande zote mbili mpaka karatasi isitoke na maji. Chumvi inalegeza protini za juu, zinashika maji badala ya kuyaachia.
Kikaango kipate moto kwanza, tone la maji likidunda ndipo utie mafuta. Cha sentimita 26 kinabeba vipande vitatu vya gramu 150, cha nne kinaua joto. Weka samaki, halafu mikono nyuma. Dakika 3 hadi 4 usiguse. Akiwa tayari kugeuzwa ataachia mwenyewe, akigoma ujue bado. Geuza mara moja tu, dakika 2 upande wa pili. Chomeka ncha ya kisu katikati, hesabu tano, igusishe mdomoni chini. Ikiwa ya moto, toa. Mwenye kipimajoto, nyuzi 63. Ukipita 70 anaanza kujikamua upya na utarudi hapa kulalamika maji.

#12 Ndimu Kavu (Soweto, Moshi)
Mwalimu, maji ya chumvi tena? Samaki kalalamikiwa maji na wewe unamloweka? Kawaida ni ndimu na kitunguu saumu, saa moja, harufu inakata, nyama inakaza.

#13 Mwalimu wa Jiko
Saa moja ya ndimu inakaza kweli, kwa sababu imeshampika kabla ya moto. Angalia pembeni: pamegeuka peupe kama chokaa. Hapo ukimgeuza atameguka. Dakika 10 zinatosha, kisha mkaushe. Au kamulia ndimu mezani, harufu inakata vilevile.

#14 Tui Zito (Ngarenaro)
Tofautisheni harufu basi. Ya samaki wa baharini aliyeanza kuchoka ni ile kali inayopanda puani, na ndimu inaikata kweli kwa sababu asidi inaifunga isipae. Ya sato na perege mara nyingi ni ya tope, inatoka kwenye maji aliyoishi, na samaki mwenyewe anaweza kuwa wa leo asubuhi. Ndimu inaipunguza tu, tangawizi na binzari zinamalizia. Ila ukisikia harufu kama ya choo, ile ya amonia, usitafute kiungo. Tupa.

#15 Kikaango Kavu
Chumvi niliiweka vipande vikiwa ubaoni, nikaenda kuwasha jiko. Dakika tano labda. Ina shida?

#16 Mwalimu wa Jiko
Hapo ndipo. Dakika tano ni muda mbaya kuliko yote: chumvi imeshavuta maji yakakaa juu, nyama haijapata muda wa kuyarudisha ndani. Ama weka sekunde unayomtia kikaangoni, ama weka dakika 20 kabla kisha umkaushe.

#17 Dada Lishe (Sekei)
Salaam. Kwa vile mlo ni wa mtu wa presha: akilowekwa kwenye maji ya chumvi ya bandiko #11, hiyo ndiyo chumvi yake yote, mchuzi na kachumbari viende bila. Kama daktari kabana chumvi sana, acha kuloweka, vumilia ule weupe, haudhuru, ni protini ileile. Na mgonjwa wa figo akae mbali na minofu yenye fosfeti. Soma maandishi ya pakiti, mara nyingine inaandikwa kwa namba, E451 au E452.
Kuhusu mafuta: gramu 100 za mnofu mweupe mbichi kama sato zina kalori 96 hivi na protini gramu 20. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Vijiko viwili kwa vipande vitatu, sawa. Vijiko viwili kwa kipande kimoja, umeshampita samaki mwenyewe.

#18 Chalii wa Daraja Mbili
Yaani mafuta ndiyo chakula, samaki ni kachumbari.

#19 Nusu Kilo
Turudi kwenye ununuzi maana ndipo pesa inapopotea. Mleta uzi aliuliza atambueje kabla hajalipa.
Pakiti ya kuganda: itikise. Vipande vikigongana kama kokoto, vizuri. Vikiwa bonge moja lisiloachana wakati pakiti inasema vimegandishwa kimoja kimoja, viliyeyuka vikaganda tena. Tazama kona: barafu iliyokusanyika kona moja ni maji yaliyotiririka yakakutwa na baridi. Theluji nyingi ndani ya plastiki ina maana friza inapanda na kushuka joto. Mabaka meupe makavu yanayofanana na kadibodi ni nyama iliyokaushwa na baridi. Haitakuumiza, lakini utatafuna kamba.
Mnofu mbichi: bonyeza kwa kidole, shimo lirudi. Rangi iwe ya waridi hafifu inayopitisha mwanga. Ukiona njano kwenye kingo za tumbo, ni mafuta yameanza kuharibika, na sangara mkubwa ana mafuta mengi hapo tumboni.

#20 Mapanki
Naongezea: ule ukanda mwekundu ubavuni ukatwe kabla ya kugandisha. Ndio unaoharibika wa kwanza na kuchafua ladha ya kipande kizima. Ukiwa mwekundu, samaki ni mpya. Ukiwa kahawia, kakaa.
Na angalieni mnachouziwa. Sangara ni mnene, sentimita 2 kwenda juu, akiiva anaachana kwa mabamba makubwa. Sato ni mwembamba, mstari mwekundu unapita katikati. Ukipewa mnofu mweupe kupita kiasi, laini, mrefu, unaolegea kama kitambaa, huo ni pangasi wa kufugwa, mwingi wake unatoka Vietnam. Siyo sumu, lakini siyo bei ya sangara.

#21 Ndimu Kavu
Kwa nini tuhangaike na ya kuganda? Huku Moshi si kuna sangara wa bwawa la Nyumba ya Mungu, anafika yuko mbichi.

#22 Babu Pangani (Mwanga)
Ndimu Kavu, ukimwona sangara Nyumba ya Mungu nipigie mbinja. Bwawani ni perege na kambale. Sangara tunayemzungumzia ni wa Ziwa Victoria, na hata kule aliletwa tu, miaka ya hamsini na sitini. Tanganyika kuna ndugu zake, migebuka ni wa ukoo huo, lakini fileti ya Arusha ni ya Victoria.
Perege mbichi unaweza kumchuna mwenyewe. Ila hesabu kwanza: kilo ya mzima inakutolea mnofu kama theluthi, gramu 300 na kitu, kilichobaki ni kichwa, miiba na ngozi. Kwa hiyo fileti ikiuzwa mara tatu ya bei ya samaki mzima, mchuuzi hajakuibia. Ikiuzwa chini ya hapo sana, jiulize anapata wapi.

#23 Mapanki
Na hicho kilichobaki msitupe. Migongo ya sangara huko Mwanza ndiyo mapanki yenyewe, na supu yake inaishinda fileti yoyote. Nimeamua jina langu kwa akili timamu.

#24 Tui Zito
Swali la pembeni. Arusha iko juu, chakula kinachelewa kuiva. Si inawezekana samaki anatoa maji kwa sababu tunamchelewesha jikoni?

#25 Fundi Friza
Arusha kwenye mita 1,400 maji yanachemka kama nyuzi 95, Moshi ni kama 97. Maharage yanajua tofauti hiyo. Samaki anaiva 63, hana habari nayo. Kwa mvuke ongeza dakika moja ukitaka roho itulie. Kikaango cha mafuta hakihusiki kabisa.

#26 Mama Kihamba
Huyo wa mvuke ndiyo jibu la mgonjwa wa presha, sijui kwa nini mnang'ang'ania kikaango. Na akitoa maji, maji yanabaki kuwa mchuzi wake.
Jani la mgomba lisilochanika, toa uti wa kati. Lipitishe juu ya moto polepole, utaona rangi inageuka kutoka kijani kilichopauka kuwa kijani kibichi kinachong'aa, linalegea kama ngozi. Hapo linakunjika bila kupasuka. Weka kipande cha gramu 150 au 180, vipande vya nyanya, kitunguu, tangawizi iliyokwanguliwa kijiko cha chai, pilipili hoho, chumvi kiduchu. Kunja kama bahasha, mkunjo uwe juu. Sufuriani panga zile nyuti ulizotoa ziwe kichanja, maji ya kina cha kidole kimoja, yachemke kwanza. Weka bahasha, funika. Mnofu wa sentimita 2 ni dakika 12 hadi 15. Ukiwa umegandishwa mmoja mmoja, osha ganda, mfunge hivyohivyo bila kuyeyusha, ongeza nusu ya muda.
Pembeni ndizi za kuchemsha na mchicha.

#27 Chalii wa Daraja Mbili
Sisi wa mjini jani tunalitoa wapi Mama? Hapa kuna foili tu.

#28 Mama Kihamba
Sokoni wanafungia mikungu, omba tu, utapewa. Foili inafaa, ila ndimu na nyanya zisigusane nayo muda mrefu, tandika kipande cha karatasi ya kuokea ndani.

#29 Tui Zito
Kwa wa nazi: tui jepesi, kitunguu, nyanya na binzari manjano vichemke vizito kwanza. Mnofu unaingia dakika 6 hadi 8 za mwisho, tui zito juu yake, moto mdogo. Mwiko usiingie tena, tikisa sufuria kwa mikono miwili. Nguru mnaweza kumfanya vilevile.

#30 Dada Lishe
Nguru ni kundi jingine, tusichanganye. Yeye, jodari na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu iitwayo histamini, uso unawaka, kichwa kinagonga, na kupika hakuiondoi. Mnofu mweupe wa sato au sangara hauna shida hiyo kwa kiwango hicho. Aliye na nguru akague mara mbili kama alikaa kwenye baridi njia nzima.

#31 Fundi Friza
Kwa vile baridi imetajwa, kuhifadhi.
Mnofu mbichi kwenye friji ni siku moja, ya pili mwisho. Uweke kwenye mfuko, juu ya barafu, ndani ya chujio ili maji ya barafu yasiulowanishe.
Kugandisha nyumbani: kausha, gawa mlo kwa mlo, mfuko ulale bapa unene usizidi sentimita 2 au 3, kamua hewa, andika tarehe. Bandika mfuko kwenye ukuta wa chuma wa friza, siyo juu ya mwenzake. Saa chache kabla, zungushia friza baridi ya mwisho. Friza ya lita 100 isipokee zaidi ya kilo 3 au 4 mpya kwa siku. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri mnofu mweupe unakaa miezi 6 hadi 8 na ladha yake, sangara mwenye mafuta mengi mle mapema.
Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inahimili kama saa 48, iliyo nusu saa 24. Ukiwa safarini, gandisha kikombe cha maji, juu yake weka sarafu ya shilingi 200. Ukirudi ukaikuta imezama, friza iliyeyuka ukiwa hupo, hata kama sasa hivi kila kitu ni jiwe.

#32 Nusu Kilo
Hiyo ya sarafu wauzaji wangelazimishwa kuiweka.

#33 Mapanki
Na malori. Kutoka Mwanza, Shinyanga, Singida, Babati mpaka Arusha ni safari, na kila mlango unaofunguliwa njiani kushusha mzigo ni joto linaingia. Mnofu unaweza kutoka kiwandani ukiwa na punje ndogo za barafu na kufika huku zimekua. Fundi, hapo friza ya mleta uzi utailaumu vipi?

#34 Fundi Friza
Siilaumu. Nilisema aanze nayo.

#35 Kikaango Kavu
Nimerudi na vipimo. Pakiti nyingine, duka lilelile, kilo moja kwa maandishi. Nimefuata bandiko #3 hatua kwa hatua.
Ikiwa imeganda: 955.
Baada ya kuosha ganda: 880.
Baada ya usiku kwenye friji: 825.
Kikaangoni nimefuata #11, chumvi sekunde ya mwisho, vipande vitatu. Weupe kidogo sana, hakumeguka hata mmoja.

#36 Nusu Kilo
955! Nilisema mimi. Kilo haikufika hata na barafu yake. Gramu 45 zimeliwa kabla ya pakiti kufungwa, 75 ni ganda. Kesi imekwisha.

#37 Fundi Friza
Ganda 75 kati ya 955 halifiki asilimia 8, kwa maneno yako ya bandiko #2 ni halali. Na maji ya nyama ni 55 tu. Jumla 130. Mara ya kwanza zilipotea 210, au siyo? Sinki imekula tofauti.

#38 Mapanki
Au ni shehena nyingine, lori jingine, siku nyingine. Pakiti moja na pakiti moja huwezi kuzilinganisha.

#39 Mama Kihamba
Ile ya kwanza uliipima ikiwa imeganda, au uliamini maandishi?

#40 Kikaango Kavu
Niliamini maandishi. Ya 790 ndiyo mizani ilisoma, ya kilo ni ya pakiti.

#41 Chalii wa Daraja Mbili
Mkuu, na hiyo mizani nani kaipima? Chukua maji ya dukani ya lita moja, chupa haijafunguliwa, weka juu. Maji ni kilo, chupa yenyewe gramu ishirini na kitu. Tuambie inasoma ngapi.

#42 Kikaango Kavu
980.

#43 Fundi Friza
Inapunja kama gramu 45 kwenye kilo. Basi pakiti yako ya 955 ilikuwa kilo kamili. Na 790 ya kwanza ilikuwa karibu 826, kwa hiyo hazikupotea 210, zilipotea 174 hivi. Ya pili nayo ipandishe kidogo, 130 ni kama 136. Bado kuna gramu 38 kati ya sinki na friji.

#44 Mapanki
Kati ya lori na lori.

#45 Chalii wa Daraja Mbili
Nusu Kilo, mwenye duka anakusalimia 😂

#46 Nusu Kilo
Zimpate salamu. Na yeye aandike uzito bila barafu.